Muuguzi Mmoja kwa Wagonjwa Watano: Nani Hulipa?

Tarehe 1 Januari 2004 hospitali za kulaza wagonjwa za jimbo la California, Marekani, zilianza kubanwa na hesabu ambayo hakuna jimbo jingine la nchi hiyo lililokuwa limethubutu kuiwekea sheria. Katika wadi ya kawaida ya magonjwa ya ndani na upasuaji, muuguzi mmoja asiwe na wagonjwa zaidi ya sita kwa wakati mmoja. Mwaka uliofuata sita wakawa watano. Wadi ya watoto, wanne. Chumba cha dharura, wanne. Chumba cha kujifungulia, wawili. Kwa wagonjwa mahututi, wawili, kama kanuni za zamani zilivyokuwa zikiagiza tangu miaka ya 1970. Na hesabu hiyo ishike saa zote, hata muuguzi anapokwenda kula.

Tangu hapo mjadala mwingi umehusu wagonjwa: je, wanakufa wachache zaidi? Swali la ajira limekuwa likifuata nyuma, ingawa ndilo linaloamua kama sheria ya namna hii itapita, na ikipita kama itadumu. Vyama vya wauguzi husema uwiano huleta ajira. Vyama vya hospitali husema unaua hospitali pamoja na ajira zake. Nadhani wote wawili huanzia mahali pasipofaa. Sheria ya uwiano haitoi hata senti moja ya mshahara. Inachofanya ni kumwondolea mwajiri uamuzi wa idadi ya wauguzi na kuufunga kwenye idadi ya wagonjwa waliolala. Mengine yote yanategemea mambo mawili: nani anayelipa, na kama yupo muuguzi aliye tayari kuja kwa malipo hayo.

Ili kuelewa kwa nini uamuzi huo uliondolewa, lazima turudi kwenye vitabu vya uhasibu vya hospitali za Marekani. Daktari hutoa ankara yake; kazi ya muuguzi imefichwa ndani ya gharama ya kitanda, pamoja na chakula na shuka. Mwaka 1983 bima ya serikali ya wazee, Medicare, ilianza kuilipa hospitali kiasi kilichopangwa kwa kila aina ya ugonjwa, mgonjwa akilala siku tatu au saba. Ukilipwa hivyo, kila muuguzi unayemwongeza ni gharama tupu: hakuna mstari wa mapato unaopanda kwa sababu yake. Katika miaka ya 1990 kampuni za bima binafsi nazo zilibana bei, na California ndiko zilikobana zaidi. Hospitali ziliungana na kupanga kazi upya. Sehemu ya kazi za wauguzi waliosajiliwa wakapewa wasaidizi wasio na leseni, waliofunzwa kwa muda mfupi.

Jibu la wauguzi lilikuwa la kisiasa. Chama chao cha California kilijitenga na chama cha kitaifa mwaka 1995 na kikageuka kuwa chama cha wafanyakazi chenye makali. Gavana Pete Wilson aliukataa muswada wa uwiano mwaka 1998; mrithi wake Gray Davis akautia saini Oktoba 1999. Kisha yakaja mabishano ya namba, ambayo kwa mchumi ni somo tosha. Kwa wadi za kawaida chama cha hospitali kilipendekeza wagonjwa kumi kwa muuguzi, chama cha wauguzi kikataka watatu. Serikali ikaangukia sita, kisha watano. Gavana Arnold Schwarzenegger alipojaribu Novemba 2004 kuahirisha hatua ya watano hadi 2008, wauguzi walikwenda mahakamani, na mwaka 2005 mahakama ya Sacramento ikawapa ushindi.

Sasa tuipige hesabu hiyo katika wadi ya vitanda 30 vilivyojaa. Uwiano wa mmoja kwa sita unadai wauguzi watano kila zamu. Mmoja kwa watano unadai sita. Inaonekana ni mtu mmoja. Lakini wadi haifungwi. Zamu za saa kumi na mbili ni 14 kwa wiki, na muuguzi wa Marekani mwenye ajira kamili kwa kawaida hufanya tatu. Nafasi moja inayopaswa kujazwa mchana na usiku inahitaji watu karibu watano kwenye orodha ya mishahara, kabla hujahesabu likizo, ugonjwa na wa kushikia zamu wakati wa chakula. Hivyo kumpunguzia kila muuguzi mgonjwa mmoja kunageuka kuwa watu watano wa kuajiri kwa wadi moja tu.

Hesabu hiyo ina ngazi. Wagonjwa 25 wanataka wauguzi watano. Akiingia wa 26, anatakiwa wa sita. Mgonjwa huyo mmoja ndiye ghali kuliko wote hospitalini, na meneja wa zamu ana sababu ya kumwacha asubiri kwenye machela ya chumba cha dharura mpaka mwingine aruhusiwe kwenda nyumbani. Upande wa pili nao upo: idadi ikishuka hadi 20 usiku wa manane, muuguzi wa tano hupigiwa simu asije, au hutumwa nyumbani bila malipo ya saa zilizobaki. Watu huifikiria sheria hii kama ulinzi wa ajira. Inalinda uwiano, na ajira hupanda na kushuka pamoja na wagonjwa.

Je, ajira ziliongezeka? Ziliongezeka. Tafiti zilizolinganisha hospitali za California kabla na baada ya 2004 zinakubaliana kuwa saa za wauguzi waliosajiliwa kwa kila mgonjwa zilipanda, na zilipanda zaidi pale zilipokuwa chini kabisa. Hospitali zilizokuwa tayari juu ya kiwango hazikuguswa sana. Ni jambo la wazi, lakini wanasiasa hulisahau: sheria inamgusa yule tu aliye chini ya mstari. Jimbo la Massachusetts liliweka mwaka 2014 sheria ya mgonjwa mmoja au wawili kwa muuguzi wa wagonjwa mahututi, na hesabu za wadi hizo zikabadilika kidogo mno, kwa kuwa nyingi zilikuwa zimeshafika huko.

Mshahara ndio uliosema zaidi. Barbara Mark, David Harless na Joanne Spetz walichapisha mwaka 2009 uchambuzi wa malipo ya wauguzi kati ya 2000 na 2006. Katika miji ya California ukuaji wa mishahara ulizidi ule wa miji ya majimbo yasiyo na sheria kwa hadi asilimia 12. Hapa mchumi anakaa wima. Ikiwa mishahara ilipanda kiasi hicho, maana yake wauguzi hawakuwa wamejipanga mlangoni wakingoja nafasi. Ilibidi wavutwe kutoka majimbo mengine, kutoka ajira ya nusu wiki, na wengine kutoka nyumbani. Sehemu ya fedha mpya iliwafikia hata wale waliokuwa kazini tayari, kwa sababu huwezi kumlipa mgeni zaidi ya mwenyeji wa wadi ileile. Mei 2023 takwimu za serikali ya Marekani zilionyesha muuguzi aliyesajiliwa wa California akipata kwa wastani dola 137,690 kwa mwaka, dhidi ya 94,480 za nchi nzima. Sheria ya uwiano haiwezi kupewa tofauti yote hiyo. Nyumba za California ni ghali na vyama vya wafanyakazi vina nguvu. Lakini sheria iliwapa wauguzi jambo ambalo chama peke yake hakikuweza kulipata: mwajiri asiyeweza kusema, "basi, tutafanya na wachache."

Kuna nadharia ya zamani inayofaa kutajwa hapa. Joan Robinson aliandika mwaka 1933 kuhusu soko lenye mnunuzi mmoja wa kazi. Mwajiri wa namna hiyo huajiri wachache kwa makusudi, kwa kuwa kumwongeza mmoja kunamlazimu kupandisha mshahara wa wote. Mji wenye hospitali moja ndio mfano unaopendwa darasani, na hapo sheria ya kumlazimisha aajiri zaidi ingepandisha ajira na mshahara kwa pamoja bila kuharibu kitu. Ushahidi umegawanyika. Douglas Staiger, Spetz na Ciaran Phibbs walitazama hospitali za maveterani wa jeshi mishahara yao ilipobadilishwa kwa amri ya serikali, wakaona hospitali jirani zinafuata na wauguzi hawahami kwa wingi: dalili ya waajiri wenye nguvu. Jordan Matsudaira alitazama nyumba za kutunzia wazee za California, zilizowekewa mwaka 2000 kiwango cha saa 3.2 za huduma kwa kila mkaazi kwa siku, akakuta kinyume chake. Zilizokuwa na upungufu ziliajiri wasaidizi wengi, na mishahara yao haikupanda kuliko ya wenzao.

Mimi sioni mgongano mkubwa kati ya tafiti hizo mbili. Msaidizi wa wazee hufunzwa kwa wiki chache na anaweza kutoka dukani au mgahawani. Muuguzi aliyesajiliwa anahitaji miaka ya shule na leseni ya jimbo. Sera ileile, ikigusa kada inayopatikana kwa urahisi, huzaa ajira nyingi za mshahara uleule. Ikigusa kada adimu, sehemu kubwa ya fedha huishia kwenye mishahara ya waliopo. Ukimsikia mtu akisema "sera ya idadi ya wauguzi inaongeza ajira," muulize anazungumzia kada ipi.

Hofu moja iliyotabiriwa haikutokea. Sheria iliruhusu hadi nusu ya wauguzi wanaohesabiwa wawe wa leseni ya ngazi ya chini, wenye mshahara mdogo zaidi, na wengi walidhani hospitali zingejaza namba kwa hao. Utafiti wa Matthew McHugh na wenzake wa 2011 ulionyesha kuwa ujuzi wa wauguzi wa wadi haukushuka. Sababu ni ya kazi yenyewe: muuguzi wa ngazi ya chini haruhusiwi kumfanyia mgonjwa tathmini ya kwanza wala kutoa baadhi ya dawa za mshipani, kwa hiyo aliyesajiliwa hulazimika kumsimamia juu ya wagonjwa wake mwenyewe. Bei nafuu ikageuka kuwa usumbufu.

Waliolipia kimyakimya ni wengine. Viongozi wa hospitali waliohojiwa na watafiti baada ya sheria kuanza walieleza kuwa walipunguza wafanyakazi wa kusaidia ili kufidia: wasaidizi wa wadi, wahudumu wa kusukuma machela, makarani. Hao hawamo kwenye uwiano. Muuguzi akabaki na wagonjwa watano badala ya saba, lakini akawa pia anabeba sampuli maabara na kubadilisha shuka. Ukihesabu ajira za hospitali nzima badala ya za wauguzi peke yao, faida inapungua, na inawapungukia wale wenye mshahara wa chini. Jimbo la Oregon lilijifunza hapo. Sheria yake ya uwiano ya 2023 iliweka kikomo kwa wasaidizi pia: wagonjwa saba kwa msaidizi mmoja mchana, kumi na mmoja usiku.

Na hospitali zenyewe? Gharama zilipanda, na faida ya uendeshaji ilishuka zaidi katika baadhi ya hospitali zilizoanza na wauguzi wachache. Mara nyingi hizo ndizo zinazohudumia maskini na wasio na bima, na haziwezi kumwambia mlipaji aongeze. Hata hivyo, kila hospitali ya Los Angeles iliyofungwa miaka ile imebebeshwa sheria ya uwiano, na huo ni uvivu wa hoja. Sheria nyingine, ya 1994, iliyofuata tetemeko la Northridge, ilikuwa ikizilazimisha hospitali hizohizo kuimarisha au kujenga upya majengo yao. Kutenganisha mzigo wa zege na mzigo wa wauguzi ni kazi ngumu, na mwenye hospitali hana sababu ya kuifanya.

Upande wa shule unafundisha zaidi, kwa sababu unaonyesha jinsi soko linavyojibu kwa kuchelewa. Davis alitangaza mwaka 2002 mpango wa dola milioni 60 wa kukuza idadi ya wauguzi, na Schwarzenegger, yule yule aliyepambana nao mahakamani, akaja mwaka 2005 na mpango wa dola milioni 90 wa kupanua mafunzo. Wahitimu wa kila mwaka waliongezeka zaidi ya mara mbili katika muongo mmoja. Wakaingia sokoni uchumi wa dunia ulipoanguka mwaka 2008. Wauguzi wazee waliahirisha kustaafu, wenye waume waliofukuzwa kazi wakaomba zamu za ziada, na wahitimu wengi wa California wakakaa mwaka mzima bila kupata nafasi ya kwanza, katika jimbo pekee lenye sheria iliyodhaniwa kuwa mashine ya ajira. Uwiano ulikuwa umetimizwa. Hakuna aliyelazimika kuajiri zaidi yake.

Nje ya California hesabu iligonga ukuta wa wapiga kura. Massachusetts ilipeleka uwiano wa hospitali zote kwenye kura Novemba 2018. Tume ya sera za afya ya jimbo ilikadiria gharama ya kati ya dola milioni 676 na 949 kwa mwaka, na hitaji la wauguzi wapya wapatao 2,286 hadi 3,101. Hospitali zilitoa matangazo mengi na wauguzi wenyewe wakagawanyika. Karibu asilimia 70 ya wapiga kura walikataa. Aliyewatisha ni yule wa mwisho kwenye mnyororo: mlipaji wa bima, ambaye ni wao.

Queensland, Australia, ilikwenda njia tofauti Julai 2016. Hospitali 27 za serikali ziliwekewa wagonjwa wanne kwa muuguzi mchana na saba usiku. McHugh na wenzake walichapisha matokeo kwenye jarida la Lancet mwaka 2021: wauguzi 167 walioongezwa waligharimu takriban dola za Australia milioni 33 kwa miaka miwili, huku siku za kulazwa na wagonjwa kurudi hospitalini vikipungua kwa thamani ya takriban milioni 69. Namba hizo hunukuliwa kila mahali kama uthibitisho kwamba uwiano unajilipia. Unajilipia pale anayelipa mshahara ndiye anayeokoa kitanda, na huko Queensland wote wawili ni serikali. Hospitali ya California ya mwaka 2004 haikupata zawadi yoyote kwa mgonjwa asiyerudi. Wakati ule mgonjwa aliyerudi alikuwa ankara mpya. Na hata upande wa afya, ushahidi wa California haukuwa mtelezo. Linda Aiken, aliyeonyesha mwaka 2002 kuwa kila mgonjwa wa ziada kwa muuguzi huambatana na ongezeko la asilimia 7 la uwezekano wa mgonjwa wa upasuaji kufa ndani ya siku 30 tangu alazwe, aliipa sheria hiyo alama nzuri. Wachumi Andrew Cook, Martin Gaynor, Melvin Stephens na Lowell Taylor, katika utafiti wa 2012, waliona wauguzi wameongezeka lakini hawakuona vipimo vya usalama wa wagonjwa walivyotumia vikiboreka.

Uingereza inaonyesha kinachotokea shinikizo likija bila wauguzi kuandaliwa. Ripoti ya Francis ya 2013 kuhusu vifo na uzembe katika hospitali za Mid Staffordshire iliwatia hofu wakuu wa hospitali, na Julai 2014 taasisi ya NICE ikatoa mwongozo kwamba wagonjwa zaidi ya wanane kwa muuguzi mchana ni ishara ya hatari. Miaka michache kabla, nafasi za mafunzo zilikuwa zimepunguzwa kubana matumizi. Hospitali zikakimbilia mawakala wa wauguzi wa muda na kuajiri kutoka Hispania, Ureno na Ufilipino. Bili ya mawakala ilivimba hadi serikali ikaweka ukomo wa bei yao mwaka 2015, mwaka uleule NICE ilipoambiwa isimamishe kazi ya kupanga viwango. Wales ilitunga sheria yake mwaka 2016. England haina uwiano wa kisheria hadi leo, na bado inatafuta wauguzi nje.

Hapo ndipo jambo hili linapofika kwetu Afrika Mashariki. Mwaka 2021 Kenya na Uingereza zilitia saini makubaliano ya kuwapeleka huko wauguzi wa Kenya wasio na ajira. Wauguzi wasio na ajira, katika nchi ambayo miaka minne kabla wauguzi wa kaunti waligoma kwa karibu miezi mitano, mzigo wa kazi ukiwa miongoni mwa malalamiko yao! Wadi zina upungufu na wauguzi wako mtaani, kwa wakati mmoja. Fungu la mishahara la kaunti limejaa, na hakuna sheria ya uwiano inayoweza kulipanua.

Tanzania ina ikama. Mwongozo wa Wizara ya Afya wa 2014 unataja, kutoka zahanati hadi hospitali ya rufaa, ni watumishi wangapi wa kila kada wanaotakiwa. Kwa maandishi, ni sera ya kuajiri yenye mapana kuliko ya California, kwa kuwa inagusa kada zote. Lakini mkurugenzi wa halmashauri haajiri kwa sababu ikama imesema. Anaomba kibali, na kibali hutoka ofisi ya serikali ya Utumishi kulingana na bajeti ya mishahara ya serikali nzima. Ajira zilipobanwa mwaka 2016 wakati wa uhakiki wa watumishi hewa, ikama haikubadilika hata namba moja. Waliobadilika ni wahitimu, waliorudi nyumbani au wakaanza kujitolea wodini wakisubiri tangazo. California ilimfunga mwajiri na kumwachia atafute fedha. Sisi tumeandika namba na kumwacha mwenye fedha huru.

Anayependekeza sheria ya uwiano kwa hospitali za Afrika Mashariki inafaa ajue kwamba karibu kila kilichoonekana California kingegeuka hapa. Kule wauguzi walikuwa adimu na walipaji ni wengi, ndiyo maana mishahara ilipanda. Hapa wauguzi wasio na kazi wapo, na mlipaji mkuu ni mmoja, mwenye ngazi ya mishahara iliyopangwa. Fedha ikipatikana, sheria hiyo ingeleta watu wengi wodini bila kupandisha mshahara wa yeyote, kama ilivyokuwa kwa wasaidizi wa Matsudaira. Fedha isipopatikana, hospitali ya serikali ingekuwa inavunja sheria kila usiku na hakuna wa kuishtaki, huku hospitali binafsi, zinazoweza kufungiwa leseni, zikipandisha bei ya kitanda au kupunguza vitanda.

Kwa hiyo mstari wa kwanza wa muswada wowote wa namna hiyo unapaswa kutaja fungu litakalolipa na mwenye mamlaka ya kulifungua. Namba ya wagonjwa inaweza kuandikwa kwenye mstari wa pili.